Nani Alipiga Ule Mluzi?

Huo mluzi unaujua hata kama jina la filamu limekutoka. Gita inatangulia peke yake, nyuzi zikidonolewa polepole kama mtu anayepita njia bila haraka, kisha mluzi unaingia juu yake, mkavu na mrefu. Nyuma yake mjeledi unapasuka, kengele inagongwa, nyundo inapiga chuma. Waliokua enzi za vibanda vya video wanaukumbuka, maana kwenye filamu ya kauboi mluzi ulianza kabla ya farasi kuonekana.

Ukiuliza muziki huo ni wa nani, utaambiwa ni wa Ennio Morricone, mtunzi Mwitalia wa muziki wa filamu, na ni kweli. Lakini midomo iliyoupiga haikuwa yake. Ilikuwa ya Alessandro Alessandroni, mpiga gita wa Roma aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye kwa miaka mingi wasikilizaji wa dunia nzima walimjua kwa sauti bila kumjua kwa jina. Tangu nianze kusikiliza muziki wa filamu wa Italia kwa makini, hilo ndilo linalonigusa zaidi: sauti ambayo tumeizoea kuiita ya mtu mmoja ilitoka kwenye vifua, vidole na midomo ya kikundi kidogo cha watu waliofahamiana, waliokuwa wakikutana kwenye studio zilezile za Roma wiki baada ya wiki. Kumtaja kila mmoja kwa kazi yake hakumpunguzii Morricone chochote, na kunatusaidia kuelewa muziki wenyewe ulitengenezwaje.

Tuliolelewa na taarabu hatuna sababu ya kutatizika hapa. Kwenye taarabu watu huuliza shairi la nani, muziki wa nani, na kaimba nani. Wimbo mmoja unaweza kuwa na majibu matatu, na kila mwenye jibu akapewa heshima yake. Muziki wa filamu nao una mafungu yake. Yupo mtunzi, anayebuni mahadhi. Yupo mpangaji, anayeamua mahadhi hayo yapigwe na chombo gani, kwa kasi gani, na nini kisikike nyuma yake. Yupo kiongozi wa okestra, anayesimama mbele ya wapigaji na kuhakikisha muziki unaangukia pale picha inapoutaka. Halafu wapo wapigaji na waimbaji wenyewe. Kule Hollywood kazi ya mpangaji mara nyingi alipewa mtu mwingine: mtunzi aliandika mahadhi kwa ufupi, wataalamu wa studio wakayagawa kwa okestra. Morricone aliukataa utaratibu huo maisha yake yote. Alikaa mezani bila piano na kuandika mwenyewe noti za kila chombo, kwa sababu kwake chombo kilikuwa sehemu ya wazo.

Ili kuona uzito wa kazi ya mpangaji, mwangalie Nino Rota. Huyu alizaliwa Milan mwaka 1911, akawa mtunzi wa mwongozaji wa filamu Federico Fellini kuanzia mwaka 1952, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha muziki cha Bari huku akiandika muziki wa filamu. Mwaka 1972 alitunga muziki wa The Godfather. Mahadhi ya mapenzi ya filamu ile, yale ya huzuni yanayomfuata mhusika Michael akiwa Sicily, hayahitaji maelezo. Watoa tuzo za Oscar waliuteua muziki huo, kisha wakauondoa kwenye orodha. Sababu ni kwamba Rota alikuwa ameyatumia mahadhi hayohayo mwaka 1958 kwenye filamu ya Kiitalia iitwayo Fortunella.

Kwa karatasi walikuwa na haki. Lakini zitafute rekodi hizo mbili uzisikilize moja baada ya nyingine. Katika Fortunella mahadhi yanakwenda mbio, yanapigwa kwa tarumbeta kama bendi ya sarakasi inayoingia mjini, na ukiyasikia unatabasamu. Katika The Godfather yamepunguzwa mwendo, yamekabidhiwa vyombo vya nyuzi, na unaanza kuomboleza kabla hujajua nani amekufa. Noti ni zilezile, ila kichekesho kimegeuka msiba, na kilichoyageuza ni mpangilio. Filamu ya pili ya The Godfather, ya mwaka 1974, nayo ilibeba mahadhi kutoka ya kwanza, na safari hiyo Rota alipewa Oscar, akigawana na Carmine Coppola, baba wa mwongozaji.

Sasa turudi Roma, maana swali gumu zaidi ni kwa nini sauti hii ilizaliwa Italia na si kwingine.

Sababu moja iko kwenye namna Waitalia walivyopiga filamu. Kwa miongo mingi walipiga picha bila kujali sauti. Mwigizaji Mmarekani alisema kwa Kiingereza, Mhispania kwa lugha yake, Mwitalia kwa yake, wote kwenye tukio moja, na baadaye kila neno likaingizwa upya studio pamoja na vishindo vya miguu na milango. Filamu ilifika kwa mtunzi ikiwa karibu bubu. Maana yake ni kwamba sauti zote, za maneno, za risasi, za upepo na za fidla, zilianza sawa, na hakuna iliyokuwa na haki ya kuitangulia nyingine. Mwongozaji kama Sergio Leone, ambaye wahusika wake wanaweza kukaa dakika kadhaa wakitazamana bila kusema, aliitumia nafasi hiyo ipasavyo.

Sababu nyingine ni santuri. Kabla ya kuwa mtu wa filamu, Morricone alikuwa mpangaji wa nyimbo za vijana katika kampuni ya RCA Italiana. Alikuwa mwana wa mpiga tarumbeta, na mwenyewe alisomea tarumbeta na utunzi katika chuo cha Santa Cecilia, kwa mwalimu Goffredo Petrassi. Nyimbo za vijana zililipa kodi ya nyumba, lakini hakuzifanya kwa kulipua. Mwaka 1960 alipanga wimbo wa Gianni Meccia unaozungumzia kopo, na ndani ya rekodi kopo lenyewe linasikika likiviringika. Aliingiza kelele za maisha ndani ya muziki na kuzitaka zishike mapigo kama ngoma. Mjeledi na nyundo ulivyovisikia mwanzoni ni ndugu wa kopo lile.

Na mluzi ulipatikanaje? Mwaka 1962 Morricone alimpangia mwimbaji Mmarekani, Peter Tevis, wimbo wa Woody Guthrie uliokuwa ukijulikana sana kwao. Alitaka msikilizaji ahisi mtu wa shamba anayesikia mji kwa mbali, kwa hiyo akaweka mjeledi, kengele, nyundo na kwaya ya wanaume. Leone alipokuwa akiandaa Per un pugno di dollari, yaani Kwa Konzi ya Dola, alisikilizishwa rekodi hiyo na akautaka mpangilio wenyewe bila sauti ya mwimbaji. Pale maneno yalipoondolewa pakabaki pengo la mahadhi, na mluzi wa Alessandroni ukalijaza. Filamu ilitoka mwaka 1964. Leone alijiandika kwa jina la Bob Robertson na Morricone kwa jina la Dan Savio, ili watazamaji wadhani wanaangalia filamu ya Marekani. Kwa hiyo hata mtunzi mwenyewe hakuwa na jina lake kwenye kazi iliyomtambulisha duniani. Leone na Morricone, kwa njia, walikuwa wamesoma darasa moja shule ya msingi, na walitambuana walipokutana kwa kazi hiyo.

Kwenye pambano la mwisho la filamu hiyo Leone alikuwa ameweka kwa muda muziki wa tarumbeta kutoka filamu ya Kimarekani, akapenda ubaki. Morricone alikataa kabisa. Badala yake alichukua wimbo wa kubembelezea mtoto aliokuwa ameuandikia tamthilia za baharini za televisheni, akampa Michele Lacerenza aupige kwa tarumbeta, kwa mtindo wa mapambo ya Kihispania. Wimbo wa kumlaza mtoto ukawa wimbo wa watu kuuana. Ni kazi ya mpangaji tena, kama ile ya Rota.

Miaka miwili baadaye ikaja Il buono, il brutto, il cattivo, Mwema, Mwenye Sura Mbaya na Mwovu. Mahadhi yake makuu yamesimama juu ya kilio kifupi cha kupanda na kushuka, kinachoiga mbwa mwitu wa jangwani. Sikiliza nani anakilia. Mwema anapotajwa, kinatoka kwenye filimbi. Mwovu anapotajwa, kinatoka kwenye okarina, chombo cha udongo chenye sauti ya chini kama pumzi ndani ya mtungi. Tuco, mwenye sura mbaya, anapewa sauti za binadamu, wanaume wanaobweka kwa koo zao. Kilio ni kimoja kwa watu watatu, kana kwamba mtunzi anasema hawa ni wanyama wa aina moja. Hakuna mazungumzo yoyote ndani ya filamu yanayolisema hilo waziwazi, na hakuna haja.

Waliobweka walikuwa watu wa Alessandroni, maana huyu bwana hakuwa mpiga mluzi tu. Alikuwa na kwaya yake, I Cantori Moderni, Waimbaji wa Kisasa, iliyoitwa karibu na kila mtunzi wa Roma. Kutoka kwenye kwaya hiyo alitokea mwanamke ambaye mimi namweka mbele ya wote: Edda Dell'Orso, mzaliwa wa Genoa.

Chukua tukio la Tuco makaburini, karibu na mwisho wa filamu hiyo hiyo. Dhahabu imefukiwa kwenye kaburi moja kati ya maelfu, na Tuco anakimbia akitafuta jina. Piano inaanza kuzunguka. Zumari la sauti nzito linaingia na mahadhi, bado kwa upole. Kamera inaanza kuzunguka pamoja na Tuco, misalaba inapita kasi, na hapo Edda anafungua mdomo. Haimbi neno lolote. Ni irabu tupu inayopanda, ikavuka pale unapodhani ingetosha, ikapanda tena, huku tarumbeta na kengele zikijikusanya chini yake. Bila sauti hiyo ungebaki na mwizi mwenye jasho anayekimbia huku na huko. Akishaimba, ile tamaa inafanana na ibada. Tangu miaka ya 1980 kundi la Metallica limekuwa likifungua maonesho yake kwa rekodi hiyo, na viwanja vizima vinaimba pamoja na mwanamke ambaye wengi hawamjui.

Kwa nini irabu bila maneno? Neno lingemfunga kwenye lugha moja na kwenye maana moja, na filamu hizi ziliuzwa nchi nyingi na kuingiziwa sauti upya kila zilikofika. Zaidi ya hapo, neno humwambia msikilizaji afikiri nini. Edda alikuwa akifanya kazi ya fidla, ila fidla yenye pumzi.

Mwaka 1968, katika C'era una volta il West, Hapo Zamani Kule Magharibi, mambo yaligeuzwa. Muziki uliandikwa kabla ya filamu kupigwa, Leone akawa anaupiga kwa spika wakati wa kuigiza ili waigizaji watembee nao na kamera ipande nao. Lakini mwanzo wa filamu hauna muziki. Watu watatu wanasubiri treni, na unachosikia ni kinu cha upepo kinacholalama, tone la maji likidondokea kofia, nzi akizunguka usoni. Morricone wakati huo alikuwa mpiga tarumbeta katika Gruppo di Improvvisazione Nuova Consonanza, kikundi cha watunzi waliojaribu sauti zisizo za kawaida, na alimsimulia Leone juu ya mtu aliyemwona jukwaani akitoa sauti kwa ngazi ya mbao, hadhira ikawa kimya kumsikiliza. Wazo la kwamba mlio wa kawaida ukitengwa na mambo mengine unageuka muziki lilitokea huko.

Kisha treni inaondoka, na kinanda cha mdomo kinalia. Aliyekipiga ni Franco De Gemini. Mhusika anayeigizwa na Charles Bronson hana jina. Anaitwa kwa chombo chake. Hapigi wimbo hasa. Ni noti chache zinazogombana, zinazokaba. Mpaka karibu na mwisho hatujui kwa nini zinakaba hivyo, ndipo tunaoneshwa: kijana aliyesokomezwa kinanda mdomoni huku kaka yake mwenye kitanzi shingoni amesimama mabegani mwake. Pumzi zile za De Gemini zilikuwa zinatusimulia tukio hilo tangu dakika za mwanzo.

Watu hawa walikuwa na kazi nje ya filamu za Leone pia. Mwaka 1968 Piero Umiliani, ambaye miaka kumi nyuma alikuwa ameileta jazi kwenye vichekesho vya Italia, aliandikia filamu moja kuhusu Sweden kipande kifupi cha kuchezacheza kinachoitwa Mah Nà Mah Nà. Walioimba ni Alessandroni na mkewe, Giulia De Mutiis. Mwaka 1969 kikachukuliwa na kipindi cha watoto cha Sesame Street, na mwaka 1976 na vikaragosi vya The Muppet Show. Watoto wa leo wanakiimba. Na wale waliompenda kauboi Trinity, mwigizaji Terence Hill akiwa na Bud Spencer wakigawa makofi, waliusikia mluzi wa Alessandroni tena mwaka 1970, safari hii kwa mtunzi Franco Micalizzi. Midomo ileile, jina jingine juu ya bango. Vijana waliofuata walishika njia zao: kundi la Goblin likaleta roki kwenye filamu za kutisha za Dario Argento kuanzia mwaka 1975, na Giorgio Moroder akachukua Oscar kwa Midnight Express, ya mwaka 1978, kwa muziki wa sintesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti chenyewe. Huko wapigaji wengi wa Roma hawakuwa na nafasi tena.

Lipo jina moja linalotuhusu sisi kwa karibu, na si kwa wema. Riz Ortolani, wa Pesaro, alijulikana mwaka 1962 kwa Mondo cane, filamu iliyokusanya mambo ya kushtua kutoka pande zote za dunia na kuyafunika kwa mahadhi matamu. Moja ya mahadhi hayo likawa wimbo More, ulioteuliwa Oscar. Wawili kati ya waongozaji wake, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walikuja Afrika na mwaka 1966 wakatoa Africa addio, Kwaheri Afrika. Ndani yake zimo picha zilizopigwa kutoka angani za mauaji ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Filamu ilipingwa vikali kwa ubaguzi wake. Berlin Magharibi wanafunzi waliandamana ndani na nje ya sinema. Muziki ni wa Ortolani, okestra nene yenye fidla za majonzi. Mtu anayeusikiliza bila picha anaweza kuuita mzuri, na ni mzuri. Lakini uzuri huo ulipewa kazi. Majonzi ya fidla zile yanaagana na wakoloni wanaofungasha mizigo, na Mwafrika anabaki kuwa mwili unaoonekana kwa juu. Naona ni lazima tuusikilize tukijua hivyo, kwa sababu njia ni ileile iliyomfanya mwizi wa makaburini aonekane kama mtu wa ibada. Muziki unaweza kukuchagulia nani wa kumlilia.

Kuhusu majina na pesa, utaratibu ulikuwa wa kawaida wa biashara ya muziki. Mpigaji na mwimbaji walilipwa kwa zamu ya kurekodi na kuondoka. Haki za utunzi zilibaki kwa mtunzi na mchapishaji, na ndizo ziliendelea kuingiza fedha kila filamu ilipooneshwa au rekodi ilipouzwa. Aliyeongoza okestra alitajwa mara nyingi, na hapo jina la Bruno Nicolai, aliyesoma Santa Cecilia kama Morricone na naye akiwa mtunzi, limo kwenye filamu nyingi. Mpiga mluzi hakuwa na fungu la namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watunzi kadhaa, Morricone akiwamo, walishirikiana kuanzisha studio yao chini ya kanisa la Piazza Euclide, Roma, na studio hiyo ipo mpaka leo. Alessandroni alifariki mwaka 2017, akiwa na miaka 92. Morricone alifuata Julai 2020, miaka minne baada ya kupata Oscar ya ushindani akiwa na miaka 87.

Upo mluzi mwingine ambao Morricone alipenda kuusimulia. Gillo Pontecorvo, mwongozaji wa La battaglia di Algeri, filamu ya vita vya ukombozi vya Algeria, alikuwa anabuni mahadhi mwenyewe ingawa hakuwa mwanamuziki wa kuandika noti. Siku moja alikwenda nyumbani kwa Morricone na rekoda yake, akipanda ngazi huku akipiga mluzi wa mahadhi aliyokuwa amebuni kwa ajili ya Ali, kijana shujaa wa filamu. Morricone alimsikia kutoka ndani, akayashika. Pontecorvo alipoingia, mwenyeji wake akamwomba asikilize kwanza wazo lake, akampigia mahadhi yaleyale. Pontecorvo alibaki ameduwaa, akitafuta ni vipi watu wawili wamebuni kitu kimoja kila mtu kwake. Morricone hakumwambia ukweli mpaka filamu ilipopata Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice, mwaka 1966. Ukiitazama filamu hiyo leo, pale penye jina la mtunzi wa muziki utakuta majina mawili.